Usimnunulie Mtu Biblia Kabla Hajaishika

Vijana wangu, mtu akiingia dukani akasema, "Nipe Biblia," msimpe. Mpeni kiti kwanza. Mimi nimeuza Biblia Kitui na Makueni tangu nikiwa msichana wa kusuka nywele hadi nilipostaafu na mvi zangu, dukani mjini Kitui siku za kawaida, na sokoni siku za soko, turubai juu na sanduku la bati miguuni. Watu waliniita Mama Biblia mpaka jina langu la Nduku likabaki la kitambulisho. Miaka yote hiyo sijamwona mtu anayetaka Biblia tu. Mmoja anataka ya kusoma, mwingine ya kubeba, mwingine ya kuonekana nayo, na wako waliotaka nene kidogo kuliko ya mama mkwe.

Nasikia wengine wenu mmeanza kazi hii, na wengine mnataka tu kumnunulia susu zawadi ya Krismasi. Susu ni bibi, kwa wale ambao Kikamba kimewapita kando. Nawaandikia nyote pamoja, maana makosa yenu ni yale yale: mnachagua kwa macho yenu kitabu kitakachosomwa na macho ya mtu mwingine.

Aliyenifundisha ni Mzee Nzioka wa Nunguni. Aliuza vitabu kwa baiskeli kwenye ile milima, akipanda akiisukuma na akiteremka akiomba. Breki zake zilikuwa maneno matupu. Yeye hakuwahi kumsifia mteja jalada. Alimwekea kitabu mkononi, kisha akanyamaza akitazama. "Mikono haidanganyi kama mdomo," aliniambia. Mteja akikisogeza mbali na uso mpaka mkono unaisha, huyo ni wa herufi kubwa, hata akiapa kwamba anaona sindano gizani. Akilamba kidole kila akifungua, karatasi nyembamba itamshinda, mtafutie nzito. Akikifunga haraka na kugeuza aone mgongo wake, ujue anamnunulia mtu mwingine, na hapo vuta kiti chako pia, maana maswali ni mengi.

Siku moja mama mmoja pale Nunguni alimjia na mtoto wa miaka minne, anataka Biblia kamili, nyeusi, ya maandishi madogo, ili mtoto akue nayo. Mzee akamtazama mtoto, akamtazama mama. "Na viatu," akauliza, "umemnunulia vya baba yake pia?" Mama alinuna, lakini aliondoka na kitabu cha picha chenye kurasa ngumu. Mtoto alikuwa ameshampata punda ndani yake na hakukubali kumwachia. Hiyo ndiyo mizani ya mtoto mdogo: mpe, na kama hapati mnyama wa kushangilia, rudisha sandukuni. Akianza kusoma mwenyewe, mpe hadithi fupi fupi kwa lugha anayoota nayo. Akifika umri wa kufundishwa ubatizo au kipaimara, mpe ile inayosomwa kanisani kwao, neno kwa neno, la sivyo wenzake watasoma hivi na yeye vile, na kijana wa umri huo afadhali anyeshewe kuliko kuwa tofauti.

Ulizeni pia mtu anasali wapi. Si umbea, ni kazi. Kulikuwa na shemasi wa kanisa moja la kiinjili kule Makueni aliyechagua Biblia kama mtu anayechagua tikiti maji. Alizipima moja moja kwa kiganja na kuchukua nzito kuliko zote. Nikamuuliza anasali wapi, akaniambia nisimchunguze. Wiki iliyofuata alirudi amekunja uso. "Mama, umeniuzia yenye ziada! Kuna vitabu humu sivijui. Unataka wazee wa kanisa waniite kikao?" Nilimwonyesha kwamba ndiyo Biblia ya Wakatoliki, haina kosa lolote, ila yeye aliinunua kwa kilo. Tulibadilishana tukicheka, na aliyeichukua baadaye, mama Mkatoliki, alifurahi sana.

Lakini mteja aliyeniuliza swali zuri kuliko wote hakuwa hata Mkristo. Ilikuwa Mwingi, siku ya mnada, malori ya Garissa yakipita na kutupaka vumbi. Mzee Abdi, mfanyabiashara wa ng'ombe, alisimama mbele ya meza yangu na mikono nyuma.

"Mama, kijana wangu wa kazi anafunga ndoa Jumamosi," akasema. "Kilonzo. Amenifanyia kazi vizuri sana. Nataka kumpa kitabu chake. Lakini niambie kwanza, katika nyumba yenu kitabu kinakaa wapi?"

Sikuelewa. Akanieleza kwamba kwao kinakaa juu, mahali safi, na mtu hakishiki ovyo. Nikamwambia ukweli: kwetu kinakaa mezani, karibu na chumvi, na hufunguliwa na mikono iliyotoka kukanda unga. Mzee Abdi alisikitika kidogo. Akafikiri. Kisha akachagua yenye jalada gumu na zipu, akanunua na kitambaa cheupe duka la jirani, akasema, "Basi akipenda mezani, iwe mezani, lakini vumbi isipate njia." Kilonzo anayo mpaka leo, na kitambaa kipo. Tangu siku hiyo kila mteja wangu nilimuuliza kitabu kitakaa wapi. Dereva wa lori akasema kwenye dashibodi, nikampa ndogo ya zipu. Mpishi wa shule akasema jikoni, nikampa ya jalada la plastiki. Mhubiri mmoja kijana akasema yake inakaa kwenye simu. Sina ugomvi na simu, nami ninayo, ila nilikuwepo Jumapili ile alipokuwa akisoma kwa sauti ya kutetemesha mabati, simu ikalia, ikawa ni binamu yake wa Kibwezi anauliza kama yule mbuzi ameshauzwa.

Sasa niwaambie ya Kavutha. Hii ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu, na nikiikumbuka nacheka peke yangu jikoni.

Mwanawe, Musyoka, fundi wa mabomba Nairobi, aliingia dukani Desemba moja na boksi la kung'aa. Ndani mlikuwa na Biblia ya Kiingereza, jalada la ngozi, kingo za dhahabu, na maelezo chini ya kila ukurasa marefu kuliko maandiko yenyewe.

"Hii nilinunulia mathe," akasema. "Ameiweka juu ya kabati, akafunika na kitambaa. Wageni wakikuja anawaonyesha. Lakini kusoma, hasomi."

"Mamako anajua Kizungu?"

"Anajua ya kusalimia."

"Basi ameshaisalimia. Ulitaka afanye nini tena?"

Akacheka, kisha kicheko kikamwishia mdomoni. Akaketi. "Mama, shida sio Kizungu. Alikuwa na kikundi yake, ile mwethya ya wamama, wanakutana kila Alhamisi. Wanasoma neno kwa zamu, halafu wanaenda kulimiana. Hao ndio watu wake. Sasa ameacha kuenda. Anasema ni mguu. Siku mzima anakaa kwa mlango peke yake, na chakula anapika kidogo tu. Babangu alianza hivyo hivyo, akaacha watu, na mwaka haikuisha. Mimi naogopa. Nataka Biblia yenye itamrudisha kwa wenzake."

Nami nilimwonea huruma, mtu mzima mwenye mikono ya spana, anaongea kama mtoto. Lakini sheria ni sheria. "Sina Biblia ya mguu," nikamwambia. "Siku ya soko nitakuwa Mutomo. Mlete mama mwenyewe, aishike."

"Hawezi kutembea, mama."

"Mwambie nina viti na nina maneno."

Na Kavutha akaja. Alikuja kwa miguu miwili, kuku wa kuuza kwapani, na Musyoka nyuma akihema. Na kikundi kile, vijana wangu, kilikutana kwa jirani yake, mahali pa kuitana kwa sauti, na soko lilikuwa mwendo wa kuchosha punda. Njia ya mwongo ni fupi, lakini ya huyu mama ilivuka mto mkavu na vilima. Tuliongea Kikamba, nami nawaandikia kwa Kiswahili.

"Mwaitu, mguu unaendeleaje?" nikamuuliza. Mwaitu ni mama, ndivyo tunavyomwita mwanamke wa umri wake.

Aliitazama miguu yake yote miwili. "Huu ndio unaniuma," akasema. Akafikiri. "Ama huu."

Sikumcheka, nilimpa kiti. Nikamwekea mkononi Biblia ya Kikamba ya maandishi ya kawaida, sawa na aliyokuwa nayo nyumbani. Mkono ukaenda mbali, ukaenda, ukaisha. Basi nikajua mguu wake uko machoni. Nikamwondolea hiyo, nikampa ya herufi kubwa. Akaanza kusoma, kwanza kwa kunong'ona, halafu kwa sauti, halafu kwa sauti ya kuita mbuzi, mpaka wauza mbuzi wenyewe wakageuka. "Musyoka!" akaita. "Hii inaongea!" Musyoka alivua kofia akajifuta uso nayo. Tulifurahi wote. Ile ya dhahabu nikaitafutia mwenyewe, mwalimu wa sekondari aliyeifurahia na maelezo yake yote.

Ningekuwa muuzaji wa siku hizi, hadithi ingeishia hapo na picha ningeituma kwenye kikundi cha WhatsApp. Lakini baada ya wiki kadhaa nilirudi Mutomo, na Kavutha akaja tena, Biblia imefungwa ndani ya leso kama mgonjwa.

"Mama Biblia, kitabu ni kizuri," akasema. "Ila hakinifikishi."

Nikamuuliza hakimfikishi wapi, naye akanieleza jambo ambalo sijalisikia kwingine kokote. Wale akina mama walijifunza kusoma wakiwa watu wazima, kwenye darasa la ngumbaru. Mwalimu wao aliona majina ya vitabu, na sura, na mistari vinawachanganya, akawapa njia ya mkato: walinunua wote Biblia za aina moja, na wakajifunza kufungua kwa nambari ya ukurasa. Mwenyekiti akisema mia tano na sita, wote wanafungua mia tano na sita, wapo kwenye zaburi ya mchungaji. Hiyo ndiyo njia yao mpaka leo. Na herufi kubwa, vijana wangu, hula nafasi. Ukurasa wa mia tano na sita wa Kavutha haukuwa na mchungaji wala kondoo.

"Zamu yangu ikafika," akasema. "Wao wako malishoni, mimi nikawasomea vita vya wafalme. Watu wanauawa, Mama Biblia! Wakacheka. Nikajaribu kutafuta, nikatafuta, wao wamemaliza, wameimba, wameshika majembe. Mimi bado niko vitani." Akanisukumia leso. "Nipe ile ya maandishi ya siafu. Afadhali nisione kitu lakini nikae nao."

Sitawaficha, nilikuwa nimempa macho na kumwondolea marafiki. Nilikataa kuichukua. Nikamwambia Alhamisi nitakuja mwenyewe.

Alhamisi nikampitia kwake, nikamshika mkono tukaenda. Walikutana uani kwa Kamene, mwenyekiti, mwanamke mrefu mwenye miwani mikubwa puani na sauti iliyozoea kuamrisha watu wakijenga bwawa la mchanga la kuhifadhi maji mtoni. Nilikunywa chai yao kwanza. Kisha nikaeleza kwa adabu jinsi herufi zinavyosogeza kurasa, na nikaomba wawe wakitaja sura badala ya ukurasa, kwa ajili ya mwenzao.

"Karibu sana, mgeni," Kamene akasema. "Chai bado iko. Lakini hapa tunaenda na ukurasa. Leo tukibadilisha juu ya mtu mmoja, kesho mwingine atasema jembe yake ni fupi, tubadilishe shamba."

Wakaguna kukubali. Kavutha akainamia ardhi, na nikauona mkono wake umeanza kusugua goti. Nikasema moyoni, huyu ameshaanza safari ya kurudi mlangoni kwake.

"Mia tano na sita," Kamene akatangaza, na Biblia zikafunguliwa. Zamu ilianzia kwa Mwende, aliyekaa ubavuni pangu. Alisoma zaburi ya mchungaji kama maji ya mfereji, kidole kikienda mstari kwa mstari, bila kukwama hata mara moja. Mimi kwa mazoea ya kazi nikachungulia kitabu chake. Kilikuwa wazi mahali pa orodha ya majina, fulani mwana wa fulani, na hesabu ya watu wa kila ukoo. Hakuna kondoo hata mmoja kwenye ukurasa ule. Nikadhani macho yangu yameniasi. Nikachungulia upande wa pili. Yule mama wa pili alikuwa kwenye ukurasa sawa kabisa, ila kitabu kilikuwa kimepinduka, juu chini.

Niliuma midomo mpaka ikauma kweli. Kisha nikachukua Biblia ya Kavutha, nikaifungua kwenye zaburi ile, nikaiweka mapajani mwa Mwende juu ya ile yake. "Mwaitu," nikamwambia, "endelea na hii."

Akaanza kwa mbio zake za kawaida. Akasimama. Akainama. Kidole kikarudi nyuma.

"Aiee!" akasema. "Hapa kuna neno mimi sijawahi kusema."

"Neno gani? Lete nione," akasema wa pili, akainyakua. Naye akasoma, akapiga paja. "Na huu mstari je? Tumekuwa tukiuruka miaka yote!"

Kitabu kikaenda kutoka paja hadi paja, na kila aliyekipata hakutaka kukiachia. Wakavutana. Mmoja alisoma kwa sauti kubwa kana kwamba anatupa habari ya redio. Kavutha alikuwa amesimama katikati ya uwanja, amesahau mguu wa kulia na wa kushoto.

"Kwani hata nyinyi hamuoni?" akauliza.

Mwende akaangalia kikombe chake. "Mimi tangu mvua za mwaka juzi," akasema.

"Mimi hata kabla ya hizo," akasema wa pili.

"Tulikuwa tunashika kwa kichwa tu, mwaitu," Mwende akaongeza. "Ungetaka tuseme tumekuwa wajinga tena?"

"Na mimi nikasingizia mguu!" Kavutha akapaza sauti. "Nimekaa kwa mlango nikilia, nikijua ni mimi peke yangu!" Alikuwa akicheka na machozi yakimtoka, na wakamwendea, wakamshika mabega, kila mmoja akisema mimi pia, mimi pia, kama wanaogombea kitu kizuri.

Kisha wote wakamgeukia Kamene. Mwenyekiti alikuwa ameketi wima, Biblia wazi mapajani. Akavua miwani polepole, akaifuta kwa ncha ya leso.

"Hii ni ya marehemu mzee wangu," akasema. "Ni ya kuona mbali. Nikivaa, naona ng'ombe ya watu kule ng'ambo, mpaka rangi. Lakini ukurasa..." Hakumaliza. Kicheko kilimkamata, akaegemea kuku waliokuwa wamelala nyuma yake wakaruka wakipiga kelele, na sisi wote tukapotea kabisa.

Kikundi kilikuwa na beberu wao mnene. Beberu huyo hakuifikia Pasaka, aliuzwa akawa Biblia. Niliwaletea sanduku zima la Biblia za herufi kubwa, aina moja na ile ya Kavutha, na Alhamisi ya kwanza nikabaki nione. Waliketi nazo mapajani, mpya, zinanukia gundi, wakipapasa kurasa kama watu wanaopima kitenge. Kamene akainua kichwa atangaze ukurasa wa zaburi ya mchungaji. Akafungua mdomo. Akaufunga. Nambari zote alizozibeba kichwani tangu darasa la ngumbaru hazikuwa na kazi tena.

Lakini alikuwepo mmoja ambaye wiki zote zile za kukaa peke yake alikipekua kitabu kile, ukurasa baada ya ukurasa, akitafuta kila mahali ambapo wenzake walikuwa wakisoma bila yeye.

"Kavutha," mwenyekiti akauliza, "tuko wapi?"

Kavutha hakuangalia hata kitabu.

"Mia saba na kumi na mbili," akasema. "Fungueni polepole. Nitawangoja."